Kutoka Efeso hadi Laodikia: siku nane kwenye njia ya barua saba

Siku ya kwanza: Izmir na Selçuk

Tulitua Izmir asubuhi tukiwa watu 23, macho mekundu kwa kukesha njiani. Mabegi 22 yalitokea kwenye mkanda. La 23 halikutokea, na lilikuwa la mchungaji. Ndani yake mlikuwa na vijitabu vyote vya masomo alivyotuandalia kwa miezi minne: barua za makanisa saba ya Ufunuo, maswali ya kutafakari, nyimbo na ramani. Wahusika wa shirika la ndege walitujazia fomu, wakaahidi kulileta hotelini likipatikana.

Mchungaji alisimama pale akiishika ile fomu kwa muda. Kisha akatuambia: "Basi tutasoma kama walivyosoma wenyewe." Akatukumbusha Ufunuo 1:3, ambapo heri inatajwa kwa asomaye, mmoja, na kwa wale wasikiao, wengi. Barua ilifika nakala moja. Mtu mmoja alisimama akaisoma, na kanisa zima likakaa kimya likasikiliza. Akauliza ni nani amekuja na Biblia ya karatasi. Kila mtu alikuwa na Biblia kwenye simu. Ya karatasi alikuwa nayo Bibi peke yake.

Bibi ana miaka 74. Ana presha ya macho, hutia dawa ya matone asubuhi na jioni, na ndiyo sababu Biblia yake ni ya maandishi makubwa, nzito kama tofali, mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi wa kijani. Aliitoa mkobani akaisukuma mbele. "Chukueni wanangu. Mkimaliza mtanirudishia."

Ukawa utaratibu wetu: kila mji, barua yake, msomaji mmoja, simu mfukoni.

Niseme kidogo juu ya njia tuliyoichagua. Makundi mengi hupanga ziara hii kwa urahisi wa hoteli, wakarukaruka. Sisi tuliomba tufuate mpangilio wa Ufunuo 1:11 bila kuruka mji: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia, Laodikia. Ukiichora kwenye ramani ya magharibi mwa Uturuki, inatoka kama kwato ya farasi. Tarishi aliyeshuka bandarini Efeso akitokea Patmo, kisiwa alikoandikia Yohana, angepanda kaskazini hadi Smirna na Pergamo, kisha angekata kusini-mashariki kupitia mabonde hadi Laodikia. Orodha ile ni barabara kabisa. Patmo yenyewe hatukuifika, kwa kuwa ni kisiwa cha Ugiriki na kinahitaji viza nyingine. Iliniuma, maana barua zilianzia huko.

Alasiri tulikwenda Selçuk, mji wa leo ulio jirani na magofu ya Efeso. Hekalu la Artemi, lililohesabiwa kati ya maajabu saba ya dunia ya kale, lilikuwa na nguzo 127 kwa maelezo ya Plinio, mwandishi wa Kirumi. Leo imesimama moja, nayo imeungwaungwa kwa vipande vya nguzo tofauti, katikati ya uwanja wa majimaji wenye bata na kasa. Juu yake kuna kiota cha korongo. Tulimkuta amesimama kwa mguu mmoja akiigongesha midomo yake, ka-ka-ka-ka, na kwa dakika nzima hatukusikia kingine. Matendo 19 inasema watu walipiga kelele karibu saa mbili kumtukuza Artemi. Nilijaribu kuziweka sauti zile mahali pale, nikashindwa.

Jioni tulipanda kilima cha Ayasuluk, kwenye mabaki ya kanisa ambalo mfalme Justiniano alilijenga katika karne ya 6 juu ya kaburi ambalo mapokeo husema ni la Yohana. Ni bamba la marumaru na nguzo nne ndogo. Kijana mmoja wetu alipiga magoti bila kuambiwa, nasi tukamfuata.

Siku ya pili: Efeso

Mchungaji alituhesabu mlangoni pa basi, akigusa bega la kila anayepanda. Ishirini na tatu. Angefanya hivyo kila asubuhi.

Tuliingia Efeso kwa lango la juu ili tuteremke, kwa ajili ya magoti ya wazee. Barabara ya marumaru imesuguliwa na nyayo mpaka inateleza kama sahani iliyooshwa. Bibi alivua viatu vyake vya kutembelea akavaa raba za mjukuu, akanishika mkono.

Mwongoza watalii wetu alikuwa dada wa Kituruki, Mwislamu, na alizijua barua zote saba kwa ghibu. Ilinigusa tangu siku ile. Alizungumza Kiingereza, na mwalimu wetu wa kwaya akatafsiri. Chini, mbele ya maktaba ya Kelso, watu walipokuwa wakipiga picha ule uso wa ghorofa mbili uliosimamishwa upya katika miaka ya 1970, yeye alituita pembeni akaelekeza kidole kwenye ngazi. Tuliinama. Kwenye jiwe, mstari mwembamba uliokwanguliwa kwa chuma: kinara cha taa chenye matawi saba. Si kikubwa. Nilikifuata kwa ncha ya kidole, tawi moja baada ya jingine, marumaru ikiwa bado na ubaridi wa asubuhi. Myahudi fulani alikaa hapa, mbele ya jengo la fahari la Kirumi, akachora kinara cha hekalu ambalo Warumi walikwisha kulibomoa. Nami nilikuwa nimekuja kusoma barua inayosema juu ya kinara kuondolewa mahali pake.

Ukumbi wa michezo wa Efeso ulichukua watu kama 25,000. Mwinjilisti wetu alisimama sakafuni, akaifungua Biblia ya Bibi, akasoma Ufunuo 2:1-7 kwa sauti ya kawaida, na sisi tulioketi juu tulisikia kila silabi. Kuna jambo la barua ile ambalo nilikuwa sijalisikia kanisani. Efeso haikuwa na upungufu wa mafundisho. Paulo alikaa huko miaka mitatu. Priskila na Akila walikuwa huko, Apolo alifundishwa huko, Timotheo aliachwa huko. Walijua kuwatambua mitume wa uongo. Walichoka kwa kazi bila kulalamika. Sidhani kuna kanisa lililofundishwa vizuri zaidi katika karne ile. Na ni hilo linaloambiwa limeuacha upendo wake wa kwanza.

Kutoka ukumbini kuna barabara pana, kama nusu kilomita, iliyonyooka hadi bandarini. Ila bandari haipo. Mto Kaistro, ambao Waturuki wanauita Küçük Menderes, ulibeba tope mwaka baada ya mwaka likaijaza, na wenyeji wakahangaika kuichimbua karne kwa karne. Bahari sasa iko kilomita kadhaa mbali. Mwisho wa barabara ni matete na vyura. Meli zilipokoma kuja, watu wakahamia taratibu kwenye kile kilima cha Ayasuluk tulikolala. Mji wenyewe uliondolewa mahali pake.

Tulipofika kwenye basi mchungaji alihesabu mara mbili, 22. Mzee wetu wa kanisa alikuwa bado amesimama kwenye magofu ya Kanisa la Maria, ulikokutana mtaguso, mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 431, akiomba peke yake. Hakuna aliyemkemea.

Siku ya tatu: Smirna

Jumapili. Tuliabudu kwenye ukumbi mdogo hotelini huku madirisha yakiwa wazi, kisha tukaelekea Izmir. Smirna ni mji pekee kati ya saba ambao leo ni jiji kubwa, lenye watu zaidi ya milioni 4, foleni, meli na harufu ya bahari. Jina lake katika Kigiriki ndilo neno la manemane, ile ya kuzikia.

Agora ya kale, yaani uwanja wa soko, imezungukwa na mitaa ya wakazi, kamba za nguo zikining'inia juu ya matao ya Kirumi. Tetemeko la mwaka 178 liliuangusha mji, na kaisari Marko Aurelio akasaidia kuujenga upya. Chini ya ardhi kuna vyumba vya matao ambamo maji yangali yakitiririka kwenye mifereji, na kwenye lipu za kuta zake yamehifadhiwa maandishi mengi ya watu wa kawaida: meli, majina, mafumbo ya hesabu. Wagiriki waliandika tarakimu kwa herufi, kwa hiyo kila neno lina jumla yake. Mtu mmoja aliandika kwamba neno *kyrios*, Bwana, lina thamani sawa na neno *pistis*, imani: 800 na 800. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba mwandishi alikuwa Mkristo. Mwalimu wa kwaya aliketi kwenye ngazi akapiga hesabu mwenyewe kwa kalamu, herufi kwa herufi, akatupigia kelele: "Ni kweli! Mia nane zote!"

Barua ya Smirna nilipewa mimi kuisoma. Ni fupi, mistari minne, na haina karipio hata moja. Inamtaja aliyekuwa amekufa kisha akawa hai, na mwongoza watalii alitueleza kwamba Smirna wenyewe uliwahi kubomolewa na Walidia, ukakaa mahame kwa karne nyingi, ndipo ukajengwa tena baada ya zama za Iskanda Mkuu. Wasikiaji wa kwanza walijua maneno yale yanazungumza na mji wao. Nilipofika kwenye agizo la kuwa mwaminifu hata kufa, sauti ilinikatika, kwa sababu tulikuwa tumetoka kusikia habari za Polikarpo, askofu wa mji huu, aliyechomwa moto uwanjani kama mwaka 155 akiwa mzee sana. Walimbembeleza amkane Kristo awe huru. Akajibu kwamba amemtumikia miaka 86, na hajamtendea baya lolote. Yawezekana kabisa kwamba kama mtoto au kijana aliisikia barua hii ikisomwa mara ya kwanza.

Kanisa Katoliki lenye jina lake lipo hadi leo katikati ya jiji, la karne ya 17. Unabonyeza kengele, unasubiri. Ndani ni michoro kila mahali, dari hadi kuta. Wakristo nchini Uturuki ni chini ya asilimia 1, na hapa Izmir moto wa Septemba 1922 uliteketeza mitaa ya Wagiriki na Waarmenia pamoja na makanisa yake mengi. Ila taa ya altare tuliikuta inawaka.

Siku ya nne: Pergamo

Mwendo wa saa mbili kaskazini hadi Bergama. Ngome ya juu inafikiwa kwa vichumba vinavyoning'inia kwenye waya, na kijana yule aliyepiga magoti Selçuk ndiye aliyefumba macho toka chini hadi juu.

Hapa upepo hauna mchezo. Ukumbi wa michezo umebandikwa kwenye ubavu wa mlima, mkali kiasi kwamba ukiketi safu ya juu unahisi utamwangukia aliye chini. Pembeni yake ni jukwaa tupu lenye misonobari: ndipo ilipokuwa madhabahu kubwa ya Zeu. Sanamu zake zilichimbuliwa na Wajerumani katika karne ya 19 na sasa zipo Berlin. Wengi husema hicho ndicho kiti cha enzi cha Shetani kilichotajwa katika barua. Wengine hutaja hekalu la kumwabudu kaisari, maana Pergamo ulipewa ruhusa ya kumjengea Augusto hekalu mwaka 29 kabla ya Kristo, wa kwanza katika jimbo lote la Asia. Mimi naelekea huko kwa kaisari. Antipa, shahidi anayetajwa katika barua, aliuawa mjini humu, na watu hawakuuawa kwa kukataa kutazama sanamu. Waliuawa kwa kukataa kusema "kaisari ni bwana".

Pergamo ulikuwa na maktaba iliyosifika, na kwa lugha nyingi za Ulaya jina la ngozi ya kuandikia limetokana na jina la mji huu. Paulo anapomwomba Timotheo amletee vitabu, hasa vile vya ngozi, anataja kitu ambacho baadaye kilibeba jina la Pergamo.

Jiwe la mlima huu ni la kijivu kizito. Walipotaka kuandika jina la mtu ili lisomeke, walileta marumaru nyeupe wakaipachika kwenye ukuta mweusi. Mama aliyesoma barua alipofika kwenye lile jiwe jeupe lenye jina jipya alisimama, akageuka kuutazama ukuta nyuma yake, kisha akausoma mstari ule tena.

Chini mjini tulipita Ua Mwekundu, hekalu kubwa la matofali la miungu ya Misri, ambalo mto unapita chini yake ndani ya mahandaki ya Kirumi. Baadaye Wakristo walijenga kanisa ndani yake. Leo moja ya minara yake ya duara ni msikiti, na tulipokuwa uani adhana ililia. Tulinyamaza mpaka ikaisha.

Siku ya tano: Thiatira na Sardi

Tairi la basi lilipasuka njiani, tukafika Akhisar tumechelewa. Thiatira yote iliyochimbuliwa inaenea kama uwanja mmoja wa shule katikati ya mji, imezungukwa na maduka na maghorofa. Geti lilikuwa limefungwa. Tulisimama kando ya uzio wa chuma, kwenye njia ya waenda kwa miguu, na kusoma barua iliyo ndefu kuliko zote saba, iliyotumwa kwa mji usio na fahari yoyote. Mji wa mafundi: wafumaji, watia rangi, wafua shaba, kila kazi na chama chake, na kila chama na karamu zake mbele ya sanamu. Asiyekula alipoteza kazi. Lidia, yule mwuza rangi ya zambarau wa Matendo 16, alitoka hapa. Mwenye duka la mkabala alitutazama mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na sinia la chai kwenye bilauri ndogo zenye kiuno. Bilauri 24. Alikuwa amemhesabu na mwongozaji.

Sardi tulifika jua likianza kulala, na sitasahau. Nguzo mbili za hekalu la Artemi zimesimama kwa urefu wake wote, na kwenye kona ya hekalu kuna kikanisa cha matofali cha karne ya 4, kidogo kama kibanda cha mlinzi. Nyuma yake unainuka mwamba wa ngome, umechongoka, umemomonywa na mvua.

Herodoto, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anasimulia jinsi ulivyotekwa. Mfalme Kreso alikuwa ndani, tajiri kwa dhahabu ya kijito cha Paktolo kinachopita pale pale, na askari wa Koreshi, mfalme wa Uajemi, walikuwa nje. Upande huu wa mwamba haukuwekwa mlinzi, maana nani angeupanda? Siku moja askari wa Sardi aliangusha kofia yake ya chuma, akateremka kuichukua, akapanda tena. Mtu wa Koreshi alikuwa akitazama. Ulikuwa mwaka 546 kabla ya Kristo au karibu na hapo. Zaidi ya miaka 300 baadaye mji ulitekwa tena, kwa kupandwa mahali pengine pasipolindwa. Barua ya Sardi inasema: usipokesha nitakuja kama mwivi. Kila mtoto wa Sardi alizijua habari zile.

Mzee wa kanisa ndiye aliyesoma, akiwa ameuelekea mwamba. Alipomaliza hakuna aliyesogea. Jina lako ni hai, nawe umekufa. Mimi niliwaza miaka niliyoimba kwaya huku moyo wangu uko kwingine, miaka mitatu au minne, na hakuna aliyejua, kwa sababu sauti ilitoka vizuri.

Sinagogi la Sardi, kubwa kuliko mengine yote ya kale yanayojulikana nje ya nchi ya Israeli, tulilipita mbio. Lilistahili nusu siku.

Usiku begi la mchungaji lililetwa hotelini. Alilifungua, akavitazama vijitabu vyake, akalifunga. "Tuendelee tulivyoanza," alisema.

Siku ya sita: Filadelfia

Alaşehir iko katikati ya mashamba ya mizabibu. Cha kuona ni nguzo tatu tu za kanisa la Mtakatifu Yohana, nene ajabu, mawe chini na matofali juu, zinatoka kati ya nyumba kama miguu ya tembo. Unaweza kuona yote kwa dakika 20. Sisi tulikaa zaidi ya saa mbili.

Tetemeko la mwaka 17 liliibomoa miji 12 ya jimbo hili kwa usiku mmoja, na Filadelfia uliendelea kutikisika muda mrefu baadaye. Strabo, mwanajiografia wa zama zile, anaandika kwamba kuta zake zilipasuka kila mara na watu wengi waliishi nje, mashambani, kwa woga. Kisha kaisari alipowasaidia kujenga, mji ukabadilishwa jina kumheshimu. Baadaye ukapewa jingine tena. Sasa sikiliza wanachoahidiwa: kuwa nguzo katika hekalu la Mungu, kutotoka humo tena kamwe, kuandikiwa jina jipya. Mtu aliyekimbia nyumba yake usiku akiwa na mtoto mgongoni ndiye aliyeambiwa hatatoka nje tena. Nimeisoma barua hii tangu Shule ya Jumapili na sikuwahi kulijua hilo.

Mji huu ulibaki wa Kikristo hadi mwaka 1390, wakati miji yote inayouzunguka ilikwisha kutekwa. Nao, kama Smirna, haukukaripiwa.

Tuliimba pale, polepole, bila kipaza sauti. Bibi mmoja wa Kituruki alitoka kibarazani akaketi. Bibi yetu akampungia mkono, naye akampungia.

Siku ya saba: Hierapoli na Laodikia

Asubuhi Pamukkale, ambako chemchemi za moto zimeumwagia mlima mzima chokaa nyeupe. Sharti uvue viatu. Maji ni ya nyuzi 35 hivi, unayahisi miguuni kama maji ya kuogeshea mtoto. Juu yake ni magofu ya Hierapoli, na juu zaidi kaburi linalohusishwa na Filipo, lililogunduliwa mwaka 2011. Ngazi zilikuwa nyingi. Nusu yetu tulibaki chini.

Toka pale unaiona Laodikia ng'ambo ya bonde, kilomita kama 10. Na ukigeuka kushoto unauona mlima wa Honaz wenye theluji kileleni, ambao chini yake ulikuwa mji wa Kolosai, wenye maji baridi. Moto upande huu, baridi upande ule. Laodikia ulikuwa katikati bila chemchemi yake ya kutosha, ukaleta maji kwa mabomba kutoka mbali.

Mabomba yenyewe yapo. Dada mwongozaji alitupeleka kwenye mnara wa kugawia maji na kutuonyesha kipande cha udongo wa kuchoma kilichovunjika. Tundu lake lilikuwa la kupitisha ngumi. Chokaa imejijenga ndani tabaka juu ya tabaka, kama pete za mti, mpaka imebaki nafasi ya vidole viwili. Niliviingiza. Ukavu, ukwaruzo, kama ndani ya birika la zamani. Hayo ndiyo maji waliyokunywa: yaliyochoka njiani, yenye uzito tumboni. Nilikuwa nimefundishwa kwamba moto ni mwema na baridi ni mbaya. Lakini hapa moto huponya viungo na baridi hukata kiu, na vyote viwili vina kazi. Yasiyo na kazi ni yale ya bombani.

Laodikia haukuwa mji wa huzuni. Ulikuwa na benki, sufu nyeusi iliyosifika, na shule ya utabibu. Tetemeko la mwaka 60 lilipouangusha, Tasito, mwanahistoria wa Kirumi, anasema ulijijenga kwa mali yake wenyewe bila msaada wa Roma. Ndio hao wanaosema katika barua kwamba ni matajiri, hawahitaji kitu. Wanashauriwa wanunue dhahabu, mavazi meupe, na dawa ya kujipaka macho.

Barua ya saba ilikuwa ya Bibi. Alikuwa ameiomba tangu siku ya kwanza. Tulikaa ndani ya kanisa kubwa la karne ya 4 lililogunduliwa mwaka 2010, ambalo sasa limefunikwa kwa paa. Alifungua Biblia yake, akaikaribisha usoni, akaisogeza mbali, akaikaribisha tena. Weupe wa Pamukkale ulikuwa umemchosha macho. Akaniambia, "Mwanangu, nitilie." Nikachukua kichupa mkobani mwake, akainua uso, nikamtilia tone moja kila jicho. Alikaa amefumba. Machozi na dawa vikamtiririka mashavuni pamoja.

Kisha, macho yakiwa bado yamefumbwa, akafunga kitabu akakilaza magotini na kuisema barua yote kwa ghibu, kutoka mstari wa 14 hadi wa 22. Hakukosea neno. Alipofika pale asimamapo mlangoni abishaye, alibisha jalada la Biblia kwa kifundo cha kidole, mara mbili.

Wanaume wawili walitoka nje. Mchungaji alitaka kuhubiri kidogo, akaanza, akaacha.

Siku ya nane: Kolosai

Kolosai haumo katika orodha ya saba, na sikukubali kuondoka bila kufika. Hakuna tiketi. Ni kilima cha nyasi kando ya barabara ya shamba, maua mekundu, vigae vilivyovunjika chini ya viatu, na mchungaji wa kondoo aliyepita na mbwa wake bila kutujali. Kwa vizazi vingi hakuna aliyepachimba. Chini kuna kijito, na Bibi alitia mkono, akautoa haraka. Baridi kweli.

Waraka wa Wakolosai unataja miji mitatu tuliyoiona kwa jicho moja jana, Kolosai, Laodikia na Hierapoli, pamoja na Epafra aliyejitaabisha kwa ajili yao. Tulisoma sura ya 4 yote, ambayo kwa kawaida huwa tunairuka kwa kuwa ni majina tu. Tikiko. Onesimo. Aristarko. Marko. Yesu aitwaye Yusto. Luka. Dema. Nimfa, na kanisa lililo nyumbani mwake. Arkipo, ambaye anaambiwa aiangalie huduma aliyopewa, mbele ya wote, kwa jina.

Mchungaji alimrudishia Bibi Biblia yake. Ndani tulikuwa tumeweka ua moja la kila mji, na la Thiatira ni jani la mzeituni, kwa sababu geti lilikuwa limefungwa.

Basi lilikuwa limewashwa, ndege ni jioni. Mchungaji alisimama mlangoni kama kila asubuhi, ila safari hii hakugusa mabega. Alitoa karatasi ya viza, ile yenye majina yetu kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, na kuyaita moja moja kwa sauti, kilima chote kikisikia, na kila aliyeitwa alijibu "Nipo" kabla ya kupanda.